Mlango wa Rangi ya Maziwa

Kijiwe chenyewe hakina cha kujivunia. Ni benchi moja refu lililoundwa kwa rafu ya kiwanda cha kupiga chapa kilichokufa, lina madoa ya wino yasiyotoka hata uyasugue kwa mchanga, na limeegemea ukuta kati ya duka la Kinyozi na lango la kiwanda chenyewe, ambacho siku hizi ni ghala la magodoro. Mbele yake Shangazi muuza kahawa huweka jiko la makaa, birika, na vikombe kumi na viwili ambavyo vinne vimemeguka midomo. Wanaokaa hapo ni wale wale. Yupo Kinyozi mwenyewe, anayenyoa kichwa kimoja na kupumzika saa mbili, mtu mwenye methali kwa kila jambo ila methali na jambo havijawahi kukutana. Yupo Waya, fundi wa redio, asiyeamini chochote kilichowahi kutangazwa redioni. Yupo Kufuli, mlinzi mstaafu, mwili kama kabati na maneno ya kuhesabu. Na yupo Mkato, ambaye habari hii ni yake. Huyu alikaa kiwandani humo miaka thelathini na mmoja akisoma na kusahihisha nakala kabla hazijapigwa chapa, na jina alipewa kwa sababu aliwahi kubishana na mkurugenzi asubuhi nzima kwa ajili ya alama moja ya mkato. Kubishana na mtu kwa jambo kubwa kuliko hilo, hapana, hajawahi.

Siku hiyo ugomvi uliletwa na aibu ya Kufuli, kwa sababu jana yake Kufuli alilia.

Ilikuwa hivi. Kwa wiki mbili Mkato alikuwa akiwasomea kitabu, kila siku sura moja, kutoka kwenye bunda la karatasi za kusahihishia alilolichukua kiwanda kilipofungwa. Kitabu kilipigwa chapa nakala chache, kikaliwa na panya ghalani, na mwandishi wake hakuna aliyemuulizia. Mkato alisoma kama kazi ilivyomfundisha, mmoja anasoma kwa sauti na kutaja kila alama, mwenzake anafuata kwa macho: aliketi mkato akakunja mikono nukta. Siku ya kwanza Kinyozi aliuliza huyo Nukta ni nani na mbona yuko kila mahali. Baada ya siku tatu wakazoea, hata Waya akawa anamkumbusha nukta akiisahau.

Kitabu kinahusu mji safi wa watu wapole. Mtu zamu yake ikifika huletewa karatasi yenye lugha ya adabu, inamwomba afike ukumbini, aketi, asubiri kuitwa. Basi anaoga, anavaa nguo ya heshima, anakwenda. Ukumbini pana mabenchi na maji ya kunywa. Wanaoitwa hupita nyuma ya pazia na hawaonekani tena. Waliobaki hukaa wakiutazama mlango walioingilia, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa, nao upo pale pale, haujafungwa. Hakuna anayepigwa, hakuna bunduki, hakuna hata anayekaripiwa. Jana walifika kwa mama mmoja aliyekuwa akifuma sweta ya mjukuu wake. Jina lake likaitwa mkono wa kushoto wa sweta haujaisha. Mama yule hakulia. Alimpa sweta mzee aliyekaa pembeni yake, mtu asiyewahi kushika sindano ya kufumia, akamwambia, “Umebaki upana wa vidole vinne. Usikaze uzi, mtoto ana mikono minene.” Kisha akaenda nyuma ya pazia.

Hapo ndipo Kufuli aliposimama, akageukia ukuta, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Kufuli ambaye alimzika ndugu yake asubuhi na mchana akarudi zamu.

Usiku wa jana haukumtosha Kinyozi kuimaliza habari hiyo, akaja nayo kijiweni kabla hata hajafagia nywele za mteja.

— Mimi nataka nielezwe, alisema. Watu wanalia kwenye picha za vita, vichwa vinakatwa, nyumba zinaungua. Hapo sawa. Lakini mtu mzima kulilia mkono wa sweta?

— Ni ule uzi, Kufuli alisema.

— Uzi umefanya nini?

— Alimwambia asiukaze.

Wakanywa kahawa. Kinyozi akatafuta la kusema na, kama kawaida yake, akalipata upesi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo si haki mtu kulia kabla ya sura ya mwisho. Shangazi alimwambia anyamaze. Yeye alisema kitabu kile kinamuuma kuliko vya vita kwa sababu vitani mtu ana wa kumlaani, lakini hawa utamlaani nani, mwenye kuleta maji?

Waya alikuwa anasubiri kusikia neno maji.

— Umeligusa lenyewe, alisema. Maji yametajwa mara tatu. Mwandishi hataji kitu mara tatu bure. Yale maji yana dawa. Mtu akiyanywa magoti yanalainika, hawezi kusimama.

Kinyozi akasema si maji, ni benchi, kwa sababu na yeye akikaa hapa hawezi kusimama na kahawa ya Shangazi haina dawa. Waya hakucheka. Alieleza kwamba chini ya sakafu ya ukumbi ule lazima palikuwa na nyaya, na nyaya zinatoa mawimbi, na mawimbi yanaingia kichwani na kumwambia mtu tulia. Anayajua mawimbi, amekula nayo miaka ishirini. Kinyozi naye hakukubali kuachwa nyuma. Akasema nyuma ya pazia hapana mtu. Wenyewe kwa wenyewe ndio wanaoitana, anayechoka kumwona mwenzake anataja jina lake, basi. Waya akapanda juu zaidi, akasema wale wote walishakufa siku nyingi na ukumbi ndio kaburi. Kinyozi akafika kileleni kabisa, akasema kitabu kimeandikwa na wenye ukumbi, ili sisi tukikisoma tulie tulie, tufute pua, na karatasi ikija kwetu tuoge na twende.

Mkato alisikiliza yote kwa hamu asiyoionyesha. Dawa, ndiyo. Nyaya, ndiyo. Kila nadharia aliipokea moyoni kama mgonjwa anavyopokea blanketi, na ilipoangushwa na mwenzake alisikia baridi upya. Hakuwa amewaletea kitabu kile ili kupoteza saa. Alikuwa anatafuta mtu mmoja, hata Kinyozi, wa kusema kwamba wale watu wa ukumbini hawakuwa na kosa.

Maana yeye alishakaa kwenye benchi la namna hiyo. Miaka miwili iliyopita mkewe aliingizwa wodini kwa ajili ya kifua. Muuguzi alikuwa mmoja, wagonjwa arobaini. Alimwambia, “Mzee, kaa hapo nje, subiri nitakuita.” Mkato akakaa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mbele yake palikuwa na mlango wa kijivu ulioegeshwa tu, upepo ukipita unafunguka kidogo na kujirudisha. Alimsikia mkewe akikohoa. Alimsikia akiuliza, “Baba watoto yuko wapi?” Aliuliza mara mbili, na ya tatu sauti ilikuwa ndogo. Mkato alikunja mikono juu ya magoti na kusubiri kuitwa. Alipoitwa ilikuwa saa kumi, na aliitwa kutia saini.

Msibani binti yake alimuuliza, baba, ulikuwa wapi? Jibu likatoka lenyewe, limenyooka, halina hata kosa moja: walinifunga nje kwa ufunguo, nikagonga mpaka mikono ikavimba. Binti akalibeba hilo kama mwenge. Aliandika barua hospitalini, akaandika kwa wakubwa wa hospitali, na kila barua alimletea baba yake kwanza aiweke sawa. Mkato alizisahihisha zote nne. Aliweka mikato mahali pake na uongo akauacha mahali pake. Baada ya barua ya nne yule muuguzi aliachishwa kazi.

Na leo binti anakuja kumchukua akaishi naye. Chumba kimeshapakwa rangi, wajukuu wameshagombania nani atalala na babu. Mkato alimtumia ujumbe kwamba wakutane kijiweni, si nyumbani, kwa sababu nyumbani wangebaki wawili na asingeweza. Alijiapiza atamwambia kabla hajala chakula cha nyumba ile. Alikuwa amejiapiza hivyo pia sikukuu iliyopita, na iliyotangulia.

— Haya yote ya dawa na nyaya, Kufuli alisema, na kwa kuwa husema mara chache wote wakageuka. Mimi nililinda geti la kiwanda cha sabuni miaka ishirini na sita. Kufuli la lile geti liliharibika mwaka wangu wa kumi na tano. Nikaripoti. Hawakuleta jingine.

— Ukafanyaje? aliuliza Waya.

— Nikalining'iniza tu. Miaka kumi na moja. Wafanyakazi mia mbili wanasimama pale jua kali wanangoja king'ora kilie ndipo nifungue. Mwingine ana mtoto mgonjwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kulivuta.

— Ungemwambia mmoja, Shangazi alisema.

— Nilipewa kazi ya kulinda, sikupewa kazi ya kuwaambia. Kufuli alikiangalia kikombe chake. Kwa hiyo jana nilipokuwa nalia, Kinyozi, usidhani nililia sweta.

Kinyozi alijaribu kuokoa mazungumzo. Akasema ndiyo maana wahenga walionya, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shangazi akamjibu kwamba hawa walisikia la mkuu, miguu ikabaki mizima, na hawakuitumia. Kinyozi akajaribu nyingine, subira yavuta heri, na safari hii hata yeye mwenyewe alisikia ilivyokaa vibaya, akaimalizia puani. Akatupa ya mwisho, alimradi tu asemwe amesema: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Akaeleza kwamba hiyo inahusu sweta, yaani bibi aliogopa mjukuu asije akalia baridi. Hakuna aliyeona uhusiano. Mkato peke yake ndiye ambaye kikombe chake kilisimama njiani, kati ya goti na mdomo.

Binti alitokea kwenye kona ya ghala la magodoro saa tisa na nusu, na mfuko mtupu mkubwa wa kutilia nguo za baba yake. Ni mpima ardhi, mwanamke wa viatu vya kufunga na macho yanayopima kila kitu kabla ya kukikanyaga. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akamshika baba yake mkono kwa mikono yake miwili, akauacha ukae humo. Shangazi akampa kikombe kisichomeguka. Kinyozi akamwambia amefika wakati mzuri, baba yake anataka kusoma sura ya mwisho.

— Soma, baba, alisema. Basi letu ni la jioni. Sijakusikia ukisoma tangu mama.

Mkato akafungua bunda. Alipanga kumwambia kabla ya kusoma. Akapanga upya, atamwambia baada. Akaanza, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hakutaja alama hata moja, wala Waya hakumkumbusha.

Sura ya mwisho ni fupi. Yule mzee aliyeachiwa sweta anajifunza kufuma, taratibu, anakosea na kufumua. Watu wanaitwa, mabenchi yanabaki matupu, maji kwenye chombo yanabaki yale yale. Anafikisha vidole vinne. Anakata uzi kwa meno, anaikunja sweta vizuri, anaiweka magotini. Sasa hana kazi. Anautazama mlango wa rangi ya maziwa. Kisha jina lake linaitwa, anainuka, anaipangusa sweta na kuiacha juu ya benchi. Hapo kitabu kinakwisha.

Shangazi alijifuta macho kwa pembe ya khanga bila kujificha. Kinyozi alitazama mkasi wake. Ni ajabu, hawa ni watu waliozika wazazi na kufukuzwa kazi, na hapa walikuwa wanamwomboleza mzee wa karatasi ambaye hakuna hata aliyemwinulia sauti.

Binti ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kazini kwake, kama anayeuliza mpaka wa kiwanja.

— Kutoka benchi mpaka mlangoni ni hatua ngapi?

Wakatazamana. Waya alisema lazima mahali fulani imeandikwa. Wakalichukua bunda, wakapekua, Kinyozi akiwa ameshika karatasi kichwa chini. Rangi ya mlango ilikuwepo, mbao ilikuwepo, idadi ya mabenchi ilikuwepo. Hatua hazikuwepo. Kufuli alisema yeye hajui, ila isingekuwa mbali. Waya akasema labda mita mia, au mwandishi alificha makusudi.

— Tisa, alisema Mkato.

— Imeandikwa wapi? aliuliza Waya.

— Haijaandikwa.

Binti alikuwa ameinamia karatasi na wengine. Akainua kichwa polepole.

— Baba, umejuaje tisa?

— Nilizihesabu. Nilikaa pale kwa saa sita, nilizihesabu mara nyingi.

— Pale wapi?

Alijua pale ni wapi. Ilionekana usoni kwamba anajua, na kwamba anampa nafasi ya kutaja mahali pengine popote. Mkato angeweza kusema kiwandani, posta, kituoni, na yule binti angekubali, kwa jinsi alivyokuwa anataka kukubali.

— Wodini kwa mama yako. Mlango haukuwa umefungwa. Ulikuwa umeegeshwa.

Jiko lilikuwa linapoa. Kwa mbali watu wa ghala walikuwa wanapakia magodoro na kupigizana kelele.

— Ulisema uligonga, binti alisema. Mikono ikavimba.

— Sikugonga. Niliambiwa nisubiri.

— Na mama?

Mkato aliangalia viatu vyake.

— Aliniuliza. Mara tatu.

— Na yule muuguzi. Barua zangu ulizisoma wewe. Zote nne zilipita mikononi mwako.

— Nilisahihisha mikato tu, mama, alisema Mkato, na akamwita mama kama alivyokuwa akimwita utotoni akitaka asilie.

Binti hakulia. Aliweka kikombe chini, kikiwa na kahawa nusu, akakisogeza ili mtu asikipige teke. Aliukunja ule mfuko mtupu mara mbili, mara nne, ukawa mdogo wa kushikika kwa kiganja. Mkato akataka kuinuka naye.

— Subiri hapa, binti alisema.

Akaondoka kuelekea kwenye kona. Hakukimbia. Alipofika penye ukuta wa ghala akasimama, mgongo akiwa amewapa, mkono ukutani. Akabaki pale. Hakuwa anavuka, na barabara ilikuwa tupu.

Kijiwe kizima kilimtazama yule mwanamke, kisha kikamtazama Mkato. Shangazi aliinua birika amwongezee mtu kahawa, amweke mtu shughuli, yakatoka matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Mkato, Kufuli alisema taratibu. Anakungoja.

Mkato alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mikono imekunjwa juu ya magoti. Macho yake yalikuwa yanakwenda kutoka kwenye viatu vyake hadi pale kwenye kona na kurudi.

— Mfuate, bwana, alisema Kinyozi, bila methali. Hapo ni karibu.

— Kumi na mbili, alisema Mkato.

— Basi inuka.

Pale kwenye kona binti aligeuza kichwa kidogo, si kwa kuangalia, ni kama anayesikiliza kama kuna viatu vinakuja. Akasubiri. Kisha akauondoa mkono ukutani, akavuka barabara, ghala likamficha.

— Ameniambia nisubiri hapa, alisema Mkato.

Shangazi akaanza kukusanya vikombe.